Shahidi wa Mama Mikate

"Dai, shemeji," Bwana Mdogo alisema. "Usipodai utakuwa umewaachia. Na hawa watu ukiwaachia mkono leo, kesho watarudi kuchukua kichwa."

Alisema hayo akiwa amechuchumaa mbele ya mke wa kaka yake, anamfunga kamba za viatu. Mama Mikate alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umefungwa plasta toka vidoleni hadi juu ya kiwiko, akiutazama kama mzigo wa mtu mwingine aliyeomba amshikie mara moja. Katika chumba cha pili, kile chenye tanuri, hapakuwa na moto. Tangu wapange nyumba ile haikuwahi kutokea asubuhi ikaingia bila harufu ya mikate. Sasa nyumba nzima ilinuka majivu baridi na dawa ya hospitali.

"Nikadai kwa nani?" aliuliza.

"Manispaa."

"Manispaa ndiye nani? Nikibisha hodi, anafungua nani?"

Bwana Mdogo alicheka. Yeye manispaa aliijua kwa chini. Alikuwa kibarua wa kikosi cha mitaro, kutwa yumo shimoni na koleo lake, matope mpaka magotini. Alitazama kwanza mlangoni, kisha akashusha sauti.

"Ule mfuniko tuliuondoa sisi. Jioni ile tulikuwa tunazibua pale mbele ya duka la dawa. Tukautoa, tukauegemeza ukutani. Msimamizi akapiga honi, gari linarudi yadi. Nikamwambia, mkuu, hatujafunika. Akasema, tutafunika kesho. Hatukuweka kamba, hatukuweka hata jiwe."

"Kesho yenyewe ndiyo niliyotumbukia mimi."

"Ndiyo hiyo, shemeji."

Alitumbukia alfajiri, sinia la mikate kichwani, anawahi wateja wa kwanza. Mguu ulitafuta ardhi ukaikosa. Kinyozi aliyekuwa anafungua kibanda chake ng'ambo ya barabara ndiye aliyemshika kwapani akamvuta juu. Watu walijaa. Wengine walimpa pole, wengine waliokota mikate iliyoangukia pakavu wakaipangusa na kwenda zao.

Mumewe, Fundi, alikuwa amekaa kizingitini na kiatu cha mtu katikati ya magoti. Alishona viatu kwenye kibanda karibu na kituo, na vile vilivyomshinda mchana alikuja navyo nyumbani. Kila mtu alimwita Fundi, mkewe naye pia.

"Na kazi yako itakuwaje?" alimuuliza mdogo wake.

"Kaka, mimi nitasema kweli tu. Kweli inamfukuzisha mtu kazi?"

Fundi aliivuta sindano, uzi ukapita. "Wakati mwingine," alisema.

Mungu hakuwajalia mtoto. Bwana Mdogo aliletwa kwao baada ya msiba wa mama yake, kijana mdogo mwenye viatu vikubwa vya urithi vilivyokuwa vinamtangulia njiani, na jina la utani likatokana na viatu hivyo. Mama Mikate alimsomesha kwa mikate. Alimuuguza surua, alimfundisha kunyoa ndevu kwa kumwelekezea kioo, maana Fundi aliona haya.

"Utasimama mbele yao useme hivyo ulivyoniambia?" alimuuliza sasa.

"Shemeji, nimekula mikate yako tangu sina ndevu. Leo nikutupe?"

Mama Mikate akainuka, akatafuta kanga ya kutokea.

*

Mlinzi wa getini alimpa kitabu cha wageni aandike jina. Akaandika kwa mkono wa kushoto. Mlinzi akakigeuza kitabu huku na huku. "Mama, hapa tunaandika. Wewe umetuchorea kuku."

Ofisi ya kwanza walimuuliza madai ya nini. Akasema ya mtaro. "Mtaro unakudai?" karani akauliza, na wenzake wakacheka bila kuinua macho. Ofisi ya pili palikuwa na kijana mwenye tai ndefu kuliko tumbo lake. Alitaka picha ya tukio.

"Mimi nilikuwa ndani ya tukio," Mama Mikate alimjibu. "Sikuweza kujipiga."

Kijana hakucheka. Alimwambia arudi wiki ijayo na picha, na wiki ijayo alipokwenda na picha aliyopigiwa na kinyozi, akaambiwa kijana yuko semina. Katika ofisi ya tatu alikutana na wateja wake wa zamani, akina mama wa uhasibu waliokuwa wanakunywa chai kavu.

"Kumbe ni wewe," mmoja alisema. "Tukasema huyu amepata maringo, siku hizi hatuletei mikate."

"Nimevunjika mkono, dada."

"Ungemtuma hata mtu," yule mama akasema, kweli ameudhika.

Siku moja kwenye ukumbi mrefu alimwona Bwana Mdogo anakuja, buti za mpira mkononi, nyuma ya msimamizi wake. Mama Mikate akafungua mdomo amsalimu. Bwana Mdogo akageuza uso, akasoma tangazo la ukutani mpaka alipompita. Jioni alimweleza: wasionekane wanajuana, ili siku ya siku ushuhuda wake uwe na nguvu. Mama Mikate aliona ni akili. Alimsimulia hata kinyozi, bila kutaja jina, jinsi alivyo na mtu wake mwerevu mle ndani.

Mwishowe alifikishwa kwa mwanasheria wa manispaa. Alikuwa mama wa makamo, sauti laini, aliyesimama kumpokea na kumvutia kiti chenye mto. Alimwita dada yangu. Aliutazama mkono ule akasema pole, na ilikuwa pole ya kwanza katika jengo lote.

"Shahidi unaye?"

"Ninaye kinyozi aliyenitoa."

"Huyo ameona ulipokwishaanguka. Aliyeona kabla hujaanguka?"

Bwana Mdogo alikuwa amemkataza kumtaja. Lakini kiti kilikuwa kizuri, na sauti ile ilimlegeza, na Mama Mikate alikuwa amechoka kuonekana mtu asiye na mtu.

"Yupo mmoja," alisema. "Wa humu humu ndani. Alikuwepo mfuniko ulipoondolewa."

Mwanasheria hakumuuliza jina. Alimpa pole tena, akamsindikiza mpaka mlangoni, na akamwambia angalie ngazi.

Kumpata mtu huyo hakukuhitaji ujuzi. Vibarua wa kikosi kile walikuwa watano, na mmoja wao, alipoombwa aseme anakaa wapi, alikuwa anakaa nyumba moja na mdai.

*

Siku chache baadaye Bwana Mdogo alirudi nyumbani na nyama kwenye mfuko na soda tatu.

"Wamenitoa shimoni," alisema. "Niko yadi sasa. Nagawa makoleo na buti. Nakaa kivulini kama bosi."

"Mungu mkubwa," Mama Mikate alisema. "Kumbe wanakuona."

Fundi alimtazama mdogo wake, akaitazama nyama, akarudia kiatu chake.

Jioni ile walikula vizuri kuliko siku nyingi. Tarehe ya kamati ya madai ilikuwa imekwishatoka, na Mama Mikate alikuwa mwepesi wa roho, anapiga soga huku Fundi anamkatia nyama vipande vidogo vidogo. Aliunyanyua mkono wenye plasta akauweka mezani kama sahani ya wageni.

"Mnauona huu? Miaka yote nimeuamsha alfajiri, nimeukandisha unga, nimeuunguza kwenye tanuri, haujanipa hata sufuria mpya. Sasa umelala tu hivi, eti utaninunulia oveni ya umeme. Ningejua ningeuvunja zamani."

Fundi alitabasamu. Bwana Mdogo alicheka mpaka soda ikampalia, ikabidi shemeji yake ampigepige mgongoni kwa mkono mzima.

*

Wiki ya kamati, kinyozi alimwita Mama Mikate kutoka barabarani. "Njoo uone maajabu."

Mfuniko ulikuwa umerudishwa mahali pake, umezungushiwa saruji mpya iliyosawazishwa vizuri kama keki, na mbwa alikuwa amekwishapita juu yake akaacha nyayo.

"Walikuja asubuhi," kinyozi alisema. "Mwaka mzima mtaro huu haujaonja saruji. Leo wamekuja na gari zima."

"Na Bwana Mdogo alikuwemo?"

"Alikuwemo. Hakushuka."

Alimuuliza Bwana Mdogo usiku huo huo wakati anammwagia maji ya kunawa. Bwana Mdogo akanawa muda mrefu. "Shemeji, kazi ni kazi, ukiambiwa peleka saruji unapeleka. Halafu si vizuri? Asitumbukie mwingine." Jibu lilikuwa la mtu mwema, na Mama Mikate akaridhika nalo.

Siku yenyewe ilipofika alimpigia pasi shati jeupe. Kupiga pasi kwa mkono wa kushoto kulikuwa kama kuendesha gari la mtu, kila kona unaikosa. Fundi alikuwa ameketi pale pale anakunywa chai yake. Alipomaliza na kulinyanyua shati, Fundi alisema, "Kola bado ina mikunjo." Akairudia kola. Bwana Mdogo alilivaa likiwa bado lina moto, akasema yeye atatangulia, ataonekana akiitwa.

*

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa mikutano wenye viti vya miguu ya chuma vilivyokuwa vinalia kila mtu akisogea. Mwenyekiti alikuwa mzee mnene mpole aliyekuwa anafuta miwani yake muda wote. Mama Mikate alisimulia alivyoanguka. Alisimulia vizuri, hakutia chumvi, na mama mmoja wa kamati alikunja uso alipofika kwenye mlio wa mfupa.

Akaitwa kinyozi. Alikuwa amejinyoa mwenyewe siku hiyo, safi mpaka kisogoni.

"Kibanda chako kina leseni?" mwanasheria alimuuliza kwa sauti yake ile laini.

"Nimekuja kwa habari ya mtaro, mama."

"Najua. Kiko juu ya hifadhi ya barabara, au nimekosea?"

Kinyozi alimtazama Mama Mikate, akatazama viatu vyake. "Mimi nilimtoa tu mtu shimoni," alisema.

"Na mfuniko uliuona ulipo?"

"Sikutazama mfuniko. Nilikuwa namtazama mtu."

Akaambiwa aketi. Kiti kililia.

Mwanasheria akasema, "Tunaomba shahidi wetu." Mama Mikate alidhani mama yule ameteleza ulimi. Hata mlango wa pembeni, ule wa wafanyakazi, ulipofunguka na shati jeupe likaingia, alidhani Bwana Mdogo amekosea mlango. Alimwinulia mkono mzima, kumwonyesha upande wa kukaa.

Bwana Mdogo alisimama mbele, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Jioni ile, baada ya kuzibua, mlifanya nini?"

"Tuliurudisha mfuniko."

"Mkaacha alama yoyote?"

"Tulifunga kamba. Yenye kitambaa chekundu."

"Mdai unamfahamu?"

"Ni shemeji yangu. Mke wa kaka yangu. Nakaa kwake."

Viti vikalia ukumbi mzima.

"Basi huna sababu ya kumsingizia."

"Sina."

"Nyumbani aliwahi kusema neno lolote kuhusu mkono huo?"

Bwana Mdogo aliivuta kola ya shati. Mwenyekiti akaacha kufuta miwani. "Sema, kijana, tusikie sote."

"Alisema angejua angeuvunja zamani. Apate oveni ya umeme."

Nyuma kuna mtu alicheka, akajikohoza. Yule mama wa kamati aliyekunja uso kwa huruma akaukunjua, akamtazama Mama Mikate upya, kama mtu anayehesabu vijiko baada ya mgeni kuondoka.

"Mama, ulisema hivyo?" mwenyekiti aliuliza.

"Nilisema. Tulikuwa tunakula. Ulikuwa mzaha."

"Ulisema, au hukusema?"

"Nilisema."

Mwenyekiti alitikisa kichwa taratibu, kwa masikitiko ya kweli. Akamuuliza kama ana swali kwa shahidi, na kwa namna alivyouliza ilionekana hategemei. Mama Mikate akasimama. Alikuwa na maswali mengi, yamemjaa mdomoni kama unga mkavu. Akashika kiti cha mbele.

"Bwana Mdogo," alisema. "Siku ile mimi nikisema maneno hayo, wewe ulicheka, au hukucheka?"

Bwana Mdogo alimtazama mwanasheria. Mwanasheria alikuwa anatazama dirishani.

"Nilicheka," alisema.

"Mimi sina swali jingine."

*

Walirudi kwa miguu, Fundi amembebea mkewe mkoba. Walipofika nyumbani Mama Mikate hakukaa.

"Ahame leo," alisema. "Nguo zake nitazitoa mimi, zikae nje, asinikute nazo."

Fundi aliuweka mkoba mezani. Akauhamisha akauweka kitini. "Asihame," alisema.

"Fundi. Wewe umemsikia?"

"Nilimsikia kabla yako."

Mama Mikate alimtazama bila kuelewa, na Fundi, ambaye katika maisha yake alikuwa hajawahi kusema maneno mengi kwa mpigo, akayasema huku anauangalia mkoba.

"Alikuja kibandani kwangu. Alilia, wateja wakawa wanatutazama. Walimpa mambo mawili achague. Ama aseme mfuniko ulirudishwa, wamwandikishe kazi ya kudumu. Ama aseme ulikuwa wazi, basi aliyeuacha wazi ni yeye, na anayestahili kushitakiwa ni yeye, msimamizi hayumo. Akaniuliza, kaka, nifanye nini."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia sijui."

"Fundi, nimekaa na wewe miaka. Hukumwambia hujui."

"Nilimwambia mkono umekwishavunjika," alisema. "Wakilipa umevunjika, wasipolipa umevunjika. Lakini yeye akikosa kazi tumekwisha wote. Kodi ya miezi hii unadhani analipa nani? Viatu?"

"Ungeniambia mimi. Ningeacha. Ningekwenda mwenyewe nikawaambia nimeacha, nikarudi na uso wangu."

"Usingeacha. Nakujua."

"Kwa hiyo mkaniacha niende. Mkanipamba, nikaenda."

Fundi aliuchukua mkoba akaurudisha mezani.

"Leo asubuhi ulikuwa umekaa hapo," Mama Mikate alisema. Sauti yake haikupanda, ilizidi kushuka. "Nampigia shati lake pasi, wewe umeshika kikombe, unajua lile shati linakwenda kusema nini. Ukaniambia kola bado."

"Mke wangu..."

"Nikairudia."

Alikaa sasa, si kwa sababu alitaka. Kisha aliuliza, "Na maneno ya oveni? Hayo nayo mlipanga huko kibandani?"

"Hayo sikuyajua. Naapa, hayo hata mimi yalinikata."

Huenda alisema kweli. Lakini Mama Mikate aligundua kwamba hana tena pa kuupimia ukweli wa mumewe. Kipimo chake siku zote kilikuwa kwamba ni Fundi anayesema.

Bwana Mdogo alirudi jua linazama. Alisimama mlangoni, shati limechomoka, macho mekundu. Alianza kusema haraka haraka: shemeji nisamehe, walinikalia kooni, yule mama alijua kila kitu, aliniuliza tu hivi hivi kwa upole mnaishije nyumbani, mnacheka, hamcheki, nikajikuta nimekwishasema. Akasema mshahara wake wote utakuwa wa nyumba hii. Akasema oveni atanunua yeye.

Mama Mikate alimsubiri amalize.

"Mfuniko ulikuwa wapi?" alimuuliza.

"Shemeji..."

"Hapa hakuna kamati. Hakuna wa kukufukuza. Nataka kusikia tu."

Bwana Mdogo alimtazama kaka yake. Fundi aliinamisha kichwa.

"Ulikuwa umeegemezwa ukutani."

"Haya," Mama Mikate alisema, akaingia kwenye chumba cha tanuri, akalivuta komeo.

*

Kamati ilikataa madai. Iliona kwamba kama mfuniko ulitolewa tena usiku, hilo si kosa la manispaa, kwamba mdai hakuwa makini njiani, na kwamba kuna maneno yake mwenyewe yanayotia shaka. Hata hivyo, kwa moyo wa kibinadamu, manispaa ingempa kitu kidogo cha pole, akikubali kwamba shauri limekwisha na hatalifufua kamwe.

Alitaka kukataa. Alikataa kwa siku kadhaa, hata Fundi alipomsihi, hata mwenye nyumba alipoanza kupita kila jioni kuulizia afya yake. Kisha plasta ikafunguliwa, na chini yake ukatoka mkono mwembamba, mweupe kama wa mtu aliyelala ndani ya maji, kifundo kimepinda upande. Daktari akaushika, akaugeuza, akasema mfupa umeunga vibaya. Unaweza kuvunjwa tena ukaungwa upya, lakini kwa hospitali kubwa na kwa fedha. Basi akaenda kuichukua pole.

Mwanasheria alimvutia kiti kile kile. Mama Mikate akashika kalamu kwa mkono wa kushoto.

"Hapana, dada yangu," mwanasheria alisema. "Sahihi hii haitafanana na ya zamani, wakaguzi watasumbua. Tutatumia dole gumba. La kulia."

"La kulia halinyooki."

"Nitakusaidia."

Akazunguka meza. Akauinua mkono ule uliopinda kwa vidole vyake laini, taratibu kabisa, kama muuguzi, akaliweka dole gumba kwenye wino, akalikandamiza chini pale palipotakiwa. Mama Mikate alikuwa amesoma; aliandika barua za majirani zake, na hati yake ilisifiwa mtaa mzima. Aliuma meno kwa maumivu, akatazama alama ya dole lake ikibaki nyeusi. Mwanasheria alitoa karatasi laini kwenye mkoba wake, akajifuta wino uliomgusa, akaitupa kwenye pipa.

Fedha ile haikutosha hospitali kubwa. Ilitosha mwenye nyumba.

*

Tanuri lilirudi kuwaka, si kila siku. Mama Mikate alijifunza kukanda kwa ngumi ya kushoto na kiwiko cha kulia, na mikate ikawa inatoka imelalia upande mmoja. Wateja wengine waliichukua hivyo hivyo, wengine waliiminyaminya wakairudisha. Kubeba sinia kichwani aliacha. Alitandika meza nje ya mlango, mwenye kutaka alikuja.

Ndani ya nyumba mambo yalikwenda. Bwana Mdogo alipata kitambulisho chenye picha na akawa analipa kodi kabla haijaulizwa. Alisema asante kwa kila sahani. Fundi alichota maji, alipasua kuni, alifanya hata ambayo hakuombwa. Waliongea habari za chumvi na maji, nani afunge mlango, mvua itanyesha au haitanyesha. Ikitokea mmoja wao amesema la kuchekesha, wawili walicheka na kumtazama wa tatu, na yeye alikuwa anafuta meza.

Asubuhi moja alikuja mwanamke asiyemjua, kanga imefungwa vibaya, macho ya mtu aliyekesha. Hakutaka mkate. Aliuliza kama hapa ndipo kwa yule mama aliyewahi kuwadai manispaa.

"Ndipo," Mama Mikate alisema.

Yule mwanamke akasogea, akaanza kueleza kwa kukatakata. Trekta la taka la manispaa lilirudi nyuma bila kutazama, likabomoa ukuta wa chumba chake, ukuta ukamwangukia mumewe. Yuko hospitali, mguu hausikii. Watu wamemwambia adai. Wengine wamemwambia aache. Dereva mwenyewe alikuja kumwomba radhi mbele za watu, na mmoja wa wapakiaji ni jamaa yao, ameahidi kusimama naye. Yeye hajui hata aanzie mlango gani.

"Dada, wewe umepita njia hiyo," alisema. "Nielekeze. Naanza na nini?"

Mama Mikate alijipangusa unga. Kutoka ndani ilisikika sauti ya Bwana Mdogo anamuuliza kaka yake kama ameona soksi zake. Akainuka, akauvuta mlango wa nyumba yake mpaka ukashika, akarudi akamsogezea mgeni kigoda, akakaa karibu naye, goti kwa goti.

"Hayo ya milango nitakwambia," alisema. "Kwanza niambie. Kwako mnaishi nani na nani?"